Dirisha la Dhahabu: Jumapili ya 15 Agosti 1971

Ndugu zangu, tuanze na hesabu ndogo ya hapa nyumbani kabla hatujavuka kwenda Marekani.

Mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoachana na shilingi ya pamoja na kila nchi kutoa ya kwake, thamani rasmi ya shilingi hiyo mpya iliandikwa kwa uzito: gramu 0.124414 za dhahabu safi. Aunsi ya kupimia dhahabu ina gramu 31.1035. Igawanyeni kwa uzito huo, mtapata shilingi 250 bila chenji. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au wa Nyeri aliyelipwa shilingi 250 alikuwa, kwenye makaratasi, amelipwa aunsi moja ya dhahabu. Nasema kwenye makaratasi kwa sababu hakuna dirisha la benki, Dar es Salaam wala Nairobi, ambapo angeipewa.

Leo muulizeni mtu yeyote shilingi ina uzito gani, atadhani mnamtania. Shilingi haina uzito. Ina bei, na bei hiyo inaandikwa upya kila siku kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha. Kati ya hali ile na hii ya leo kuna tarehe moja, Jumapili ya 15 Agosti 1971. Ukiwauliza watu wakutajie siku zilizogeuza karne ya 20, wengi watataja Pearl Harbor, Hiroshima, au usiku ulipofunguliwa ukuta wa Berlin. Hii hawaitaji, maana haikupigwa hata risasi moja. Rais Nixon wa Marekani alisoma hotuba kwenye televisheni kwamba dirisha la kubadilishia dola kwa dhahabu limefungwa, basi. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba hotuba ile haikuvunja kitu kizima. Mtambo wa fedha za dunia ulikuwa na ufa tangu siku ulipofungwa, na waliousimamia waliujua ufa huo kwa zaidi ya miaka kumi.

Mtambo wenyewe ulibuniwa Julai 1944 katika hoteli ya Mount Washington, Bretton Woods, jimbo la New Hampshire. Nchi 44 zilituma wajumbe. Afrika iliwakilishwa na Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini; sisi wengine tulikuwa bado mali ya watu. Wajumbe walikuwa na kumbukumbu ya miaka ya 1930, ambapo kila nchi ilishusha thamani ya fedha yake ili bidhaa zake ziwe rahisi kuliko za jirani, jirani naye akashusha, biashara ya dunia ikasinyaa na watu wakakosa kazi. Walitaka viwango vya kubadilishia fedha visichezewe ovyo.

Wakafunga mtambo wa sehemu tatu. Ya kwanza, kila nchi ilitangaza thamani ya fedha yake kwa dhahabu au kwa dola, na benki kuu ikawajibika kuilinda isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 1. Ikianza kushuka, benki kuu inatoa dola zake kwenye akiba na kuinunua, ikipanda, inaiuza. Ya pili, dola peke yake ndiyo iliyofungwa kwenye dhahabu yenyewe, kwa dola 35 kwa aunsi, na Hazina ya Marekani ikaahidi kutoa dhahabu kwa bei hiyo kwa serikali au benki kuu yoyote ya kigeni itakayoleta dola. Ya tatu ni Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, la kuikopesha nchi iliyoishiwa akiba ili ijipange. Nchi ikitaka kubadili thamani ya fedha yake kwa zaidi ya asilimia 10, sharti iombe ruhusa huko.

Kwa nini dola? Kwa sababu dhahabu ilikuwa kwao. Mwisho wa miaka ya 1940 Marekani ilikuwa na zaidi ya tani 20,000, zaidi ya nusu ya dhahabu ya serikali zote duniani. Nyingine ilikuwa imetoka kwa raia wake yenyewe: Aprili 1933 Rais Roosevelt aliwaamuru waisalimishe kwa dola 20.67 kwa aunsi, na Januari 1934 bei rasmi ikapandishwa hadi 35. Aliyesalimisha alilipwa kwa bei ya zamani. Faida ikabaki Hazina. Tangu hapo, hadi mwisho wa 1974, Mmarekani wa kawaida hakuruhusiwa kuweka vipande vya dhahabu, huku benki kuu ya nchi nyingine ikiweza kudai dhahabu ileile. Hilo linafaa kukumbukwa mtu anaposimulia kwamba zamani kila noti ilikuwa dhahabu.

Dai lenyewe liliendaje? Tuseme Ufaransa ina dola milioni 35 na inataka dhahabu. Inapeleka maombi, inalipa ada ya robo ya asilimia moja, yaani dola 87,500, na inakuwa na haki ya aunsi milioni moja, ambazo ni kama tani 31. Vipande vinavyotumika kati ya benki kuu vina takriban aunsi 400 kila kimoja, zaidi ya kilo 12. Kwa hiyo ni vipande 2,500. Mara nyingi havikwenda mbali. Chini ya jengo la Benki ya Akiba ya New York (Federal Reserve, tawi la benki kuu ya Marekani), mtaa wa Liberty, mita 24 chini ya barabara, kuna ghala lililochimbwa hadi kwenye mwamba, kwa kuwa sakafu ya kawaida isingebeba uzito huo. Ndani yake kuna vyumba vya chuma. Wafanyakazi walipakia vipande kwenye kitoroli, wakavitoa chumba cha Marekani na kuvipanga chumba cha mnunuzi, daftari likasahihishwa. Dhahabu imehama nchi bila kupanda ngazi.

Sasa ufa. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi watanielewa upesi, maana wanajua stakabadhi ghalani. Unapeleka magunia yako, yanapimwa, unapewa karatasi. Chukulia karatasi hizo zinaaminika kiasi kwamba watu wanaanza kununuliana nazo sukari na mabati bila kwenda ghalani. Mji unakua, biashara inakua, karatasi zinahitajika zaidi. Magunia hayakui kwa kasi hiyo. Mwenye ghala ana njia mbili tu. Akikataa kuandika karatasi zaidi, biashara ya mji inakosa pumzi. Akiziandika, ipo siku zitakuwa nyingi kuliko magunia, na kuanzia siku hiyo mwenye akili anawahi ghalani kabla ya wenzake.

Robert Triffin, mchumi aliyezaliwa Ubelgiji na kufundisha Marekani, aliyasema haya mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1959. Dunia inahitaji dola ili ifanye biashara, alisema, na itazipata tu ikiwa Marekani inatoa nje nyingi kuliko inazoingiza. Kadiri inavyotoa, ndivyo ahadi ya dola 35 inavyozidi kutoaminika. Hakuhitaji utabiri. Kufikia 1960, dola zilizokuwa mikononi mwa wageni kwa jumla zilikuwa zimeanza kuipita dhahabu iliyokuwepo.

Hapa watu hukosea sababu. Husema Marekani ilikuwa ikinunua bidhaa za kigeni kupita kiasi. Hapana: karibu miaka yote hiyo iliuza bidhaa nje zaidi ya ilizonunua, na mwaka 1971 ndio wa kwanza tangu 1893 kwa mizani hiyo kulala upande mwingine. Dola zilitoka kwa mlango mwingine: misaada, kambi za jeshi Ulaya na Asia, kampuni zake kununua viwanda vya nje. Halafu ikaja vita ya Vietnam pamoja na mipango ya Rais Johnson ya afya na umaskini, na kwa muda mrefu Johnson hakutaka kupandisha kodi kulipia vyote viwili. Bei zikaanza kupanda nyumbani. Dola ya 1970 ilinunua kidogo sana kuliko ile ya 1944, ila kwa dhahabu iliendelea kudai inanunua kilekile.

Kuna jambo la Bretton Woods ambalo naliona chungu zaidi kadiri miaka inavyopita. John Maynard Keynes, aliyeongoza Waingereza, alikuwa na mpango tofauti: fedha ya kimataifa isiyo ya nchi yoyote, aliyoiita bancor, na adhabu kwa nchi yenye ziada kubwa kama ilivyo kwa yenye nakisi. Harry Dexter White wa Marekani hakukubali, kwa kuwa mwenye ziada wakati huo alikuwa Marekani. Baada ya miaka 27 Marekani ikawa ndiyo inayolalamika kwamba Ujerumani Magharibi na Japani zina ziada na hazitaki kupandisha thamani ya fedha zao. Keynes alikwishafariki, 1946. Nadhani angecheka.

Miaka ya 1960 ilikuwa ya viraka. Oktoba 1960 bei ya dhahabu kwenye soko la London ilifika dola 40, watu wakashtuka. Mwaka 1961 benki kuu za nchi nane zikaunda mfuko wa kuuza dhahabu London kila bei inapopanda: Marekani ikatoa nusu, na iliyobaki wakagawana Ujerumani Magharibi, Uingereza, Ufaransa, Italia, Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji. Mfuko ulifanya kazi maadamu wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Februari 1965 Rais de Gaulle akasimama mbele ya waandishi wa habari kuisifu dhahabu kama kipimo kisicho na utaifa. Ufaransa ilikuwa ikibadili dola zake, tena ikataka vipande vivuke bahari vikalale Paris. Juni 1967 ikajitoa kwenye mfuko kimyakimya. Ujerumani Magharibi ilibanwa kwa njia nyingine: Machi 1967 Karl Blessing, mkuu wa benki kuu yake, alitoa barua ya kuahidi kwamba hawatadai dhahabu, kwa kuwa usalama wao ulitegemea askari wa Marekani walioko kwenye ardhi yao. Mkopeshaji anapolindwa na mdaiwa, deni halidaiwi.

Novemba 1967 Uingereza ilishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na maji yakazidi unga. Wanunuzi wa dhahabu wakafikiri: kama pauni imeanguka, inayofuata ni dola. Kufikia Machi 1968 mfuko ulikuwa umepoteza karibu dola bilioni 3 za dhahabu, na tarehe 14 Machi peke yake mauzo yalikwenda kwa mamia ya milioni. Usiku huo Marekani ikaiomba Uingereza ifunge soko. Malkia akatia saini tangazo la sikukuu ya benki karibu na usiku wa manane, soko likafungwa kwa majuma mawili. Lilipofunguliwa kulikuwa na bei mbili: dola 35 kati ya serikali na serikali, na bei huria kwa watu wengine wote. Mwezi huohuo Bunge la Marekani likafuta sheria iliyotaka noti za dola zidhaminiwe na dhahabu kwa asilimia 25, ili dhahabu hiyo nayo ipatikane kwa madai ya nje. Ikiwa kitu kimoja kina bei mbili, na ya chini ni ya wachache waliokubaliana wasiende kuidai, hapo ahadi imekwishakufa; kilichobaki ni tangazo la msiba.

Mei 1971 Ujerumani Magharibi ilichoka kununua dola na kuiachia fedha yake, maki, ipande yenyewe. Kufikia Agosti dhahabu ya Marekani ilikuwa imeshuka hadi takriban tani 9,000, yenye thamani ya kama dola bilioni 10 kwa bei rasmi. Dola zilizoshikwa na serikali na benki kuu za kigeni zilikuwa zaidi ya mara tatu ya hizo.

Ijumaa ya tarehe 13 Rais Nixon akawakusanya washauri Camp David, mapumziko ya marais kwenye milima ya Maryland. Aliyekuwa na sauti kubwa ni waziri wa Hazina, John Connally, gavana wa zamani wa Texas, yuleyule aliyejeruhiwa kwa risasi kwenye gari la Kennedy mjini Dallas. Paul Volcker, ofisa wa Hazina, alileta mpango wa kitaalamu. Arthur Burns, mwenyekiti wa benki kuu, alipinga kufunga dirisha la dhahabu, akashindwa. Jumapili saa tatu usiku Nixon akaingia kwenye televisheni. Moja ya hofu zake ilikuwa kuudhi watu kwa kukatisha mchezo wa wachunga ng'ombe waliokuwa wakiupenda saa hiyo.

Alitangaza mambo mengi, lakini matatu ndiyo mzizi. Mishahara na bei vinagandishwa kwa siku 90. Bidhaa zinazoingia nchini zinatozwa asilimia 10 zaidi. Na ubadilishaji wa dola kwa dhahabu unasimamishwa, akaongeza, kwa muda. Muda huo unaendelea hadi leo.

Ushuru wa asilimia 10 ndio ulikuwa fimbo ya kuwalazimisha Wajapani na Waulaya wapandishe thamani ya fedha zao. Kugandisha bei ndiko kulikompendeza mpiga kura, na mwaka 1972 Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50. Ila bei zilizogandishwa hazikuponya kitu. Ziliporudishwa kwenye jokofu mwaka 1973, chakula cha kuku kikapanda huku bei ya kuku imefungwa. Baadhi ya wafugaji wakaona heri kuua vifaranga kuliko kuwalisha kwa hasara, na picha zikaonyeshwa kwenye televisheni. Kwetu tuliowahi kuishi na bei elekezi na rafu tupu za madukani, hilo halihitaji maelezo.

Ulaya ilifunga masoko ya fedha kwa wiki nzima. Tokyo haikufunga. Kule ilikuwa tayari Jumatatu asubuhi, na serikali ikaamua kulinda kiwango cha yeni 360 kwa dola kilichokuwepo tangu 1949. Kila aliyekuwa na dola akakimbilia kuiuza. Kwa siku kama kumi na mbili Benki ya Japani ilinunua takriban dola bilioni 4 kwa bei ambayo kila mtu alijua imekufa, kisha tarehe 28 ikasalimu amri. Ni hasara ya kujitakia, na inafundishika: kiwango kisichoaminika ni zawadi kwa mwenye haraka.

Desemba walikutana Washington, kwenye jengo la Taasisi ya Smithsonian, wakapandisha dhahabu hadi dola 38 na yeni ikawa 308. Nixon aliuita mkataba huo mkubwa kuliko yote ya fedha katika historia ya dunia. Ulidumu miezi 14. Februari 1973 dola ikashushwa tena, dhahabu ikawa 42.22, na mwezi uliofuata fedha kubwa za dunia zikaachiwa zielee.

Wenye mafuta hawakulala. Mapipa yao yaliuzwa kwa dola, na dola ilikuwa imepungua. Januari 1972 huko Geneva wakapandisha bei kwa asilimia 8.49 kufidia. Kilichokuja baada ya vita ya Oktoba 1973 kilikuwa na siasa zake za Palestina na Israeli, na simwamini anayekiweka chote kwenye mlango wa Nixon. Lakini desturi ya kuangalia dola imepoteza nini kabla ya kupanga bei ya pipa ilikuwa imekwishaanza.

Turudi kwenye shilingi yetu. Chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919, fedha yetu ilifungwa kwenye pauni, 20 kwa 1, na dhamana yake ikakaa London. Pauni iliposhushwa 1967 nchi zetu tatu zilikataa kuifuata: zikabaki 7.14 kwa dola, na pauni ikawa shilingi 17.14. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, ila akiba iliyokuwa bado London kwa pauni ilipungua thamani usiku mmoja, na hakuna wa kumdai. Baada ya Agosti 1971 tukajifunga kwenye dola. Dola iliposhushwa Desemba, nasi tukashuka nayo bila kuulizwa.

Hebu tazameni ilivyouma. Mashine ya Kijapani ya yeni 360,000 iligharimu dola 1,000, sawa na shilingi 7,143. Kiwango kilipokuwa 308, mashine ileile ikawa dola 1,169, yaani takriban shilingi 8,350. Kiwanda kimetoa shilingi 1,200 zaidi, na Dar es Salaam, Nairobi wala Kampala hakuna kilichobadilishwa. Mwaka 1975 tukahama tena, mara hii kwenye SDR, fedha ya hesabu ya IMF inayopimwa kwa kapu la fedha kadhaa, ili kuyumba kwa moja kusituyumbishe kiasi hicho. Kapu lilisaidia kidogo tu. Mafuta, ukame na kuvunjika kwa Jumuiya vilikuwa mizigo mizito kuliko kapu. Shilingi ya Tanzania ilikuja kushushwa kwa kishindo 1986, maduka ya kubadilishia fedha yakaruhusiwa 1992, na Kenya ikaiachia yake ielee 1993. Ndipo ubao ule wa dukani ulipoanza.

Mara kwa mara mtu husimama na kusema turudishe shilingi kwenye dhahabu, hasa sasa ambapo Benki Kuu ya Tanzania inanunua dhahabu ya wachimbaji wa ndani kwa akiba yake. Kununua ni ruksa. Kufunga si ruksa. Kanuni za IMF zilizorekebishwa na kuanza kutumika 1 Aprili 1978 zinairuhusu nchi kuifunga fedha yake kwenye fedha ya nchi nyingine, kwenye SDR, au kwenye kipimo kingine itakachochagua, isipokuwa dhahabu.

Na Marekani? Bado ina zaidi ya aunsi milioni 261, sehemu kubwa ikiwa Fort Knox, Kentucky. Dirisha limefungwa, lakini daftari halikufutwa. Mkifungua hesabu za Hazina yao leo, mtakuta dhahabu hiyo yote imeandikwa dola bilioni 11 na kidogo, kwa ile bei ya 1973: dola 42.22 kwa aunsi.